Charlotte Temple: nyota nne, ya tano nimeibania

Nakala ya bure niliipakua kwenye simu, nikaimaliza kwa usiku tatu nyumba ikishatulia. Riwaya yenyewe ni ya Susanna Rowson, ilitoka London mwaka 1791, ikachapwa Philadelphia 1794. Wamarekani ndio walioing'ang'ania. Imechapwa zaidi ya mara 200.

Charlotte ana miaka 15, yuko shule ya bweni Uingereza. Ofisa wa jeshi, Montraville, anamrubuni, na anayemsukumia huko ni mwalimu wake mwenyewe, La Rue wa Kifaransa. Anavushwa bahari hadi New York, anatelekezwa na mimba.

Mwanzoni mwandishi alinichosha. Kisa kimepamba moto, mara anakiacha, anawageukia wasichana wanaosoma na kuwaasa kama kungwi na mwari wake. Kuna mahali anamwomba mama msomaji asikunje uso, eti yeye hatetei makosa ya wanawake kama hawa. Nikawa naziruka nasaha.

Kilichonikamata ni siku ya kuzaliwa. Mama mtu anaandaa sherehe, barua imeshafika shuleni, babu anakuja kumchukua mjukuu. Charlotte akisoma barua ile anaghairi: haondoki. Anatoka ili tu akamwambie Montraville hivyo, anamzimikia mikononi, na gari la farasi linaondoka naye. Babu anafika, binti hayupo. Niliweka simu kifuani nikatazama dari.

Halafu ule usiku wa theluji. La Rue sasa ni mke wa mtu mwenye uwezo, na Charlotte anapobisha kuomba hifadhi, anamkana kana kwamba hajapata kumwona. Mtumishi wa nyumba ile ndiye anayempeleka kwenye kibanda chake. Nasaha zote za kitabu hazikunichoma kama mlango ule.

Kwenye makaburi ya kanisa la Trinity, New York, lipo jiwe lenye jina la Charlotte Temple, na wasomaji wa karne ya 19 walikuwa wakienda kulia pale. Zamani ningewacheka.

Nyota niliyobania ni ya kuzimia: huyu dada anazimia mno. Na Kiingereza chake ni cha kale, sentensi ndefu kama treni ya mizigo. Binti yangu wa miaka 16 amekianza juzi. Naye anaruka nasaha, lakini jana nimemkuta anairudia ile barua ya mama.