Majani ya ngano na yurea: vile ng'ombe zangu zilivuka kiangazi hapa Njoro

Kila mwaka huku Njoro, Nakuru, ngano ikishavunwa naona majani yakichomwa ama yakiachwa yaoze shambani, halafu ikifika Februari ni sisi hao hao tunazunguka tukitafuta nyasi ya kununua na bei imepanda hadi unashika kichwa. Safari hii nikasema hapana. Shemeji yangu anafuga Ahero kule Kisumu, yeye hutia yurea kwa majani ya mpunga, ile ile mbolea ya kuwekea mahindi, akaniambia shem hata ya ngano inakubali, jaribu.

Mwenye kufuga anajua majani ya ngano matupu yalivyo. Ng'ombe anatafuna mpaka anachoka, tumbo limejaa lakini ukienda kukama hupati kitu. Protini ni asilimia 3 au 4 hivi, na ni magumu kumeng'enywa. Ukiyalowesha na yurea ukafungia bila hewa, yurea inageuka amonia, gesi yenye harufu kali, na hiyo amonia ndiyo inayalegeza na kupandisha protini mpaka kama asilimia 7 au 8. Sisemi utapata lita 20 za maziwa, hapana, hiki ni chakula cha kuvusha ng'ombe wakati wa shida na kwa hiyo kazi nakisifu bila kusita.

Nilinunua marobota 21, nikapima na ile mizani ya kuning'iniza magunia, ikaja kilo 300. Nilitumia kilo 4 za yurea na lita 60 za maji kwa kila kilo 100 za majani, kwa hivyo kwangu ikawa kilo 12 na mitungi 9 ya lita 20. Shimo lilikuwa na urefu wa mita 2, upana mita 1 na nusu, kina mita 1, nikatandika nailoni chini na kandokando. Yurea unaiyeyusha kwa hayo maji, unatandaza majani kidogo, unanyunyiza, vijana wanakanyaga kabisa, unatandaza tena, mpaka yaishe, halafu nailoni juu, udongo, na matairi mazee. Tafadhali pima, usikisie kwa macho, yurea ikizidi inaua ng'ombe. Na yale maji ya yurea usiyaache wazi hata dakika moja. Mtamba wangu alikuwa ameshaingiza mdomo kwa ndoo wakati nilienda kufunga lango, nilikimbia nikiita Mungu, bahati alikuwa hajameza.

Penye niliharibu ni siku ya 14. Shemeji kule kwake hufungua baada ya wiki mbili, nami nikafungua kona moja niangalie, nikakuta majani bado ni ya manjano na magumu vile yaliingia. Nikampigia simu. Akaniuliza, "Shem, huko kwenu usiku si mnalala na blanketi mbili?" Ndipo nikaelewa, Ahero ni joto na hapa kwetu ni baridi, amonia inafanya kazi polepole, tukakubaliana zifike wiki nne. Lakini ile kona sikuirudishia vizuri, hewa ikaingia, na siku ya kufungua nilikuta imeota ukungu mweusi, nikatoa kama magunia mawili nikatupa kwa mbolea. Huo ukungu usijaribu kulisha, hata kama roho inauma.

Kwingine kote kulikuwa safi. Rangi imekuwa kahawia, ukishika ni laini, na harufu inachoma macho mpaka machozi yanatoka. Hiyo haipewi ng'ombe papo hapo, unatoa ya kesho leo, unaianika usiku mzima harufu ipungue. Siku ya kwanza walinusa wakageuka. Nikachanganya na nyasi ya nepia kidogo na molasi, ile shira nyeusi ya kiwanda cha sukari, siku ya tatu wakaanza kugombania, nikawa naongeza pole pole kwa wiki nzima. Ndama wa miezi minne sikumpa hata kidogo, tumbo la ndama halijakomaa kubeba yurea.

Ng'ombe wangu mkubwa alikuwa ameshuka hadi lita 5 kwa siku na mbavu unazihesabu ukiwa kwa barabara. Dairy meal, yaani ule unga wa dukani wa ng'ombe wa maziwa, sikuongeza, ni zile zile kilo 2. Baada ya wiki tatu alikuwa lita 7, na mgongo umeanza kujaa. Yurea, majani na nailoni vyote havikufika elfu sita, na ilinisukuma karibu mwezi na nusu na ng'ombe wawili, nikiwalisha na nepia pia.

Mvua imeshaanza sasa na shimo liko tupu, nimelifunika na mabati lisijae maji. Ngano ya mwaka huu ikivunwa nachimba lingine kando yake, moja likiliwa lingine liwe linaiva, na nailoni nitaweka mara mbili.