Uzoefu wangu: Ziara ya nusu siku kwenye makaburi ya samurai wa Ako, Sengakuji, Tokyo

Nimekaa na maoni haya karibu mwezi mzima kabla ya kuyaandika, kwa sababu huduma niliyoilipia ilikuwa na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo, na alama moja ya jumla ingeipunja sehemu ya kwanza au kuipamba ya pili. Ni ziara ya kutembea kwa miguu jijini Tokyo, ya saa nne, kundi la watu wanane na mwongoza watalii mmoja anayezungumza Kiingereza, kwa yeni 9,000 kila mtu, mbali na kiingilio cha makumbusho. Tangazo lake liliahidi kwamba mgeni angeondoka akielewa heshima na kifo cha samurai, yaani tabaka la wapiganaji wa Japani ya zamani. Kampuni siitaji jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa wenzangu waliotembezwa na watu wengine.

Tulikutana asubuhi nje ya kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sengakuji, kilichochukua jina la hekalu lenyewe, na baada ya mwendo wa dakika chache tukawa langoni. Hekalu ni la Wabudha wa Zen wa madhehebu ya Soto. Lilianzishwa mwaka 1612 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu, kiongozi wa kijeshi aliyeitawala Japani wakati huo, likaungua mwaka 1641, kisha likajengwa upya mahali lilipo sasa kwa mchango wa watawala wa majimbo, yaani madaimyo, ukiwamo ukoo wa Asano. Kisa chote kilichotupeleka pale ni cha ukoo huo.

Mwongozaji wetu, kijana mchangamfu mwenye sauti ya kusikika, alikisimulia vizuri akiwa amesimama chini ya sanamu ya Oishi Kuranosuke, mkuu wa watumishi wa ukoo huo. Mwezi Aprili 1701, Asano Naganori, daimyo wa Ako, alichomoa upanga mfupi ndani ya kasri la Edo, jina la zamani la Tokyo, na kumjeruhi usoni na begani Kira Yoshinaka, msimamizi wa itifaki za shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi. Kuchomoa silaha ndani ya kasri lilikuwa kosa la kifo, na siku hiyohiyo Asano aliamriwa kufanya sepuku, kifo cha kujipasua tumbo ambacho kilikuwa haki na adhabu ya tabaka la samurai peke yao. Jimbo lake lilitwaliwa na watumishi wake wakawa ronini, samurai wasio na bwana. Usiku mmoja wa Januari 1703, ronini 47 wakiongozwa na Oishi waliivamia nyumba ya Kira, wakamuua, wakakibeba kichwa chake kupita mitaa ya mji hadi Sengakuji, wakakiweka mbele ya kaburi la bwana wao.

Hapo ndipo malalamiko yangu ya kwanza yanapoanzia. Kijana huyu alisema kwa uhakika kwamba Kira alitaka rushwa na Asano akakataa kumpa. Hivyo ndivyo michezo ya jukwaani inavyosimulia, lakini Asano mwenyewe alisema tu kwamba alikuwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe kilitokana na nini hakukieleza hadi alipokufa. Jambo lenye uzito zaidi, ambalo halikutajwa kabisa, ni kwamba desturi ya kale ya Japani iliwaadhibu wagomvi wote wawili bila kuuliza nani alianza. Kira, ambaye hakuchomoa upanga, hakuadhibiwa. Asiyeelezwa jambo hilo ataona wale 47 walikuwa wakilipiza kisasi tu. Aliyeelezwa ataona kwamba walikuwa pia wakiikamilisha hukumu ambayo kwa macho yao serikali iliiacha nusu.

Tulipita kisima ambamo kichwa cha Kira kilioshwa kabla ya kupelekwa kaburini. Wenzangu walipiga picha. Mimi nikakumbuka kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na nikajiuliza ni nani kati ya wale watu aliyepewa kazi ile. Karibu na hapo kuna mti wa mplamu na jiwe, ambavyo inasemekana vilirukiwa na damu ya Asano alipokufa katika bustani ya nyumba ya daimyo Tamura. Kufia bustanini, nje, badala ya ndani ya chumba kama ilivyostahili cheo chake, kulikuwa ni fedheha juu ya adhabu, na watumishi wake hawakulisahau hilo. Jambo hili mwongozaji alilieleza vizuri sana, na ninamshukuru.

Makaburi yenyewe ndiyo yaliyostahili pesa zangu zote. Unanunua kifungu cha vijiti vya udi, vinawashwa hapohapo, unapewa katika kisahani, kisha unaweka kijiti kimoja mbele ya kila jiwe. Mawe ni madogo, ya kijivu, yamebanana kama watu waliopanga foleni, na moshi ni mzito kiasi kwamba nguo zangu zilinukia hadi siku ya pili. Katika jina la baada ya kifo lililochongwa kwenye karibu kila jiwe mna herufi ya makali na herufi ya upanga. Mawe mawili ya pembeni yana paa: moja la Oishi, jingine la mwanawe Chikara, aliyekuwa na miaka 16 kwa hesabu ya Kijapani. Mzee kuliko wote, Horibe Yahei, alikuwa na miaka 77.

Waliokufa kwa hukumu walikuwa 46, si 47, kwani Terasaka Kichiemon, aliyekuwa na cheo cha chini kuliko wote, alinusurika na akafa kwa uzee miaka mingi baadaye. Wengine waligawanywa kwa ulinzi katika nyumba za madaimyo wanne: 17 kwa Hosokawa, 10 kwa Matsudaira, 10 kwa Mori na 9 kwa Mizuno. Walikaa wiki saba wakisubiri, huku wasomi wakibishana. Hayashi Hoko aliusifu uaminifu wao. Ogyu Sorai alishikilia kwamba sheria imevunjwa na lazima wafe, ila wafe kisamurai badala ya kukatwa vichwa kama wahalifu. Tarehe 20 Machi 1703 wote walifanya sepuku, kila kundi katika nyumba lililowekwa. Oishi alikuwa kwa Hosokawa na mwanawe kwa Matsudaira, hivyo baba na mtoto walikufa siku moja bila kuonana.

Mahali pa nyumba ya Hosokawa pamehifadhiwa, si mbali na hekalu, nyuma ya majengo ya makazi, na ziara inafika huko. Ni kiwanja kidogo chenye lango lililofungwa. Hapo mwongozaji alieleza ibada: mavazi ya kifo, shairi la kuaga, kisu kifupi kilichozungushiwa karatasi, na msaidizi aitwaye kaishaku ambaye kazi yake ilikuwa kumaliza mateso kwa pigo moja la upanga shingoni. Aliongeza, na hili sikulitarajia kwa mtu anayeuza hadithi za ushujaa, kwamba katika zama za Edo mara nyingi mtu hakujikata kabisa. Alinyoosha mkono kukifikia kisu, au hata kipepeo cha kujipepea kilichowekwa badala yake, na kaishaku akapiga. Yaani kitendo ambacho dunia nzima inakijua kama ujasiri wa mtu mmoja kilikuwa kimegeuka utaratibu wa serikali, wenye mashahidi, wakaguzi na mahali pa kila mtu pa kuketi. Adhabu hiyo iliondolewa katika sheria za Japani mwaka 1873.

Laiti ziara ingeishia hapo, ningetoa nyota tano.

Badala yake, makumbusho ya hekalu tulipewa dakika kumi na tano, kisha tukapelekwa kwa teksi hadi studio moja ambako kwa zaidi ya saa nzima tulivishwa kimono na kushikishwa panga za bandia. Hilo sina neno nalo, watu wanapenda. Lakini mwishoni tuliletewa joho jeupe na kisu cha plastiki, tukaalikwa tupige magoti mmoja mmoja ili tupigwe picha ya sepuku. Wawili walikubali, wakicheka. Mimi nilikataa kwa upole, na mhudumu, nadhani, aliona haya kuliko mimi. Asubuhi ileile tulikuwa tumewasha udi mbele ya kaburi la mtoto wa miaka 16.

Wiki mbili baadaye nilirudi Sengakuji peke yangu, nikalipa kiingilio cha makumbusho, ambacho ni kidogo, nikakaa humo kwa raha zangu. Kitu kilichonishika kuliko panga na nguo za vita ni kipande cha karatasi. Baada ya kisasi, watawa wa hekalu walikirudisha kichwa kwa familia ya Kira, na watumishi wawili wa familia hiyo wakasaini kwamba wamepokea kichwa kimoja na furushi moja la karatasi. Ni stakabadhi, kama ya mzigo wa kwenye basi. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo heshima, damu na makaratasi ya ofisi vimekaa kwenye mstari mmoja namna hiyo, na kundi letu lilikuwa limeipita bila kuoneshwa.

Kwa hiyo ninatoa nyota tatu. Mwenye siku chache Tokyo na asiyejua chochote kuhusu kisa hiki atafaidika na saa mbili na nusu za mwanzo, na mwongozaji anajibu maswali kwa subira. Aliyekwisha kusoma kidogo aende mwenyewe, na akiweza aende Desemba 14, siku ambayo hekalu huwakumbuka wale watu kwa maadhimisho, ingawa ajiandae kwa msongamano. Mwenye watoto wadogo aulize mapema kuhusu studio.

Niliiandikia kampuni nikipendekeza saa ile ya picha itumike kuvuka mto Sumida hadi Ryogoku, ambako kona ndogo ya nyumba ya Kira imebaki kuwa bustani ya umma, ili wageni wasikie na upande wa aliyeuawa: mjukuu aliyekuwa mrithi wake alijeruhiwa usiku ule, kisha akanyang'anywa mali na kufia kifungoni mwaka 1706, na watu wa jimbo la Kira hadi leo wanamkumbuka bwana wao kwa wema. Walinijibu siku iliyofuata, kwa adabu sana, kwamba pendekezo limepokelewa, ila wateja wengi huichagua ziara hii kwa ajili ya picha.