Randa ya mtumba: geuza kisu kabla hujauliza bei

Malalamiko ninayoletewa na mafundi wanaoanza yanafanana mno. Fundi kanunua randa ya chuma ya mtumba, inang'aa, tako (uso wake wa chini) limenyooka, kanoa mpaka mkono umechoka, na bado mninga unararuka. Wengine wanalaumu mbao, wengine kinoo. Mimi huwaambia wafungue kisu, wakigeuze, wanitumie picha ya upande bapa. Mara nyingi jibu liko hapo hapo: vishimo vya kutu.

Sokoni watu hukagua tako, mpini na rangi. Upande bapa wa kisu hauonekani, umefunikwa na kile chuma kinachofungwa juu yake kwa skrubu, na katikati yao ndipo unyevu hukaa miaka. Sasa, makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Ukinoa upande wa mshazari peke yake, ncha ikifika kwenye kishimo inamegeka, na kila pengo linachora mstari kwenye mbao. Doa la kutu la juu juu linatoka kwa msasa. Lakini kishimo kinachonasa ukucha ukiupitisha hakitoki mpaka usage chuma chote kinachokizunguka, na hiyo ni kazi ya kukesha. Vishimo vikiwa mbali na ncha, sentimita 2 au zaidi, visikutishe. Utanoa muda mrefu sana kabla ya kuvifikia.

Kwa hiyo nenda na bisibisi. Muuzaji akikukataza kufungua, muachie randa yake.

Randa ninayoiweka mbele ya zote ni Record 05 ya zamani, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Kampuni ya Record ilianza kutoa randa hizi mwaka 1931, kwa umbo lile lile la mbunifu Leonard Bailey ambalo kampuni ya Stanley ya Marekani ililinunua mwaka 1869. Ina urefu wa kama inchi 14 na kisu cha inchi 2, inatosha kupunguza mbao na kunyoosha kingo za meza ya kawaida. Nimeipenda kwa uzito wake na jinsi inavyotulia kwenye mvule, ule wenye nyuzi zinazopishana. Mwenye fedha ya randa moja tu achukue hii, asihangaike na 04, ambayo ni fupi na kazi yake hasa ni kumalizia.

Inafuata Stanley namba 5 ya zamani. Ni randa nzuri, na kwa kawaida visu vyake vya inchi 2 vinaingia kwenye Record, kwa hiyo hata yenye mwili mbovu inaweza kukupa kisu. Kagua mdomo (uwazi ambamo kisu hutokea) na mbavu zake kwa makini: chuma cha kusubu kikidondoka kinapata ufa, na kuchomelea mara nyingi kunapinda tako. Ya tatu ni randa ya mbao yenye kisu kizuri cha zamani, maana mwili wake fundi anaweza kuuchonga upya. Zile mpya za bei ya chini zenye kisu laini sizipi nafasi.

Kuifufua si kazi kubwa ukishapata kisu kizima. Loweka vyuma vyenye kutu kwenye siki usiku mmoja, sugua, suuza kwa maji yenye magadi, kausha papo hapo, paka mafuta. Bandika msasa juu ya kioo kinene, chora mistari ya kalamu kwenye tako, lisugue hilo tako, kisu kikiwa kimefungwa lakini kimerudishwa ndani. Tako si lazima ling'ae lote. Mbele, kwenye mdomo na nyuma paguse sawasawa. Kisha lainisha upande bapa wa kisu karibu na ncha, noa mshazari kwa nyuzi 25 hadi 30. Chuma cha juu kikalie kisu bila kupitisha mwanga, la sivyo maranda yataziba mdomo.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaopitisha grenda kwenye kila kitu na kupuliza rangi ya silva, kisha wanapandisha bei wakisema imefanyiwa sevisi. Grenda inaviringisha uso uliopaswa kuwa bapa. Kisu kikigeuka buluu kwenye ncha, moto umekiondolea ugumu, na sehemu hiyo yote lazima ikatwe. Afadhali randa yenye kutu ya kweli, ambayo macho yanaona ilivyo. Ukikuta ya silva na bado unaitaka, toa kwenye bei thamani ya kisu kingine, na kama muuzaji hakubali kupunguza, omba akuonyeshe ile ambayo bado hajaipaka rangi. Mara nyingi anayo chini ya meza, na kwa bei ya chini.