Boksi la Pokémon kwa basi la usiku: nyota tatu kati ya tano

Muuzaji yuko Nairobi na anauza kadi za mchezo wa Pokémon mtandaoni. Niliagiza kwake boksi zima la pakiti za Pokémon pamoja na kadi moja ya kung'aa, nikalipa kwa M-Pesa, na mzigo ukashuka Kisumu asubuhi. Kasi sina neno nayo. Shida ni jinsi alivyofunga.

Ile kadi moja aliifunga kifundi: mfuko laini kwanza, kisha plastiki ngumu, kisha vipande viwili vya kadibodi vilivyobanwa kwa gundi ya karatasi. Haikuwa na mkwaruzo. Boksi, ambalo ndilo lililokula pesa, lilitiwa kwenye mfuko wa nailoni tu. Halikuwa na katoni wala hata gazeti la jana. Kona moja ilikuwa imebonyea, na nailoni ya kiwandani inayolizunguka boksi imechanika papo hapo.

Kwangu mimi ninayefungua na kucheza, hilo ni jambo dogo. Boksi la toleo la Kiingereza hubeba pakiti 36 zenye kadi 10 za mchezo kila moja. Nilizikagua zote mishono ya juu na chini, hakuna iliyoguswa, na kadi zilitoka zimenyooka.

Ila boksi tulichangia na binamu yangu, na yeye alitaka kuliweka miaka lije kuuzwa likiwa halijafunguliwa. Kwa mtu wa aina hiyo ile nailoni ndiyo shahidi pekee kwamba hakuna aliyechokora ndani. Wapo watu hufungua boksi, wakatoa pakiti wanazozitaka, wakarudishia nyingine na kulifunga upya. Ndiyo maana wanunuzi hutazama kama nailoni ina nembo ya Pokémon iliyochapishwa, kama maboksi mapya ya Kiingereza yalivyo, au ni nailoni tupu. Yetu ilikuwa na nembo, kwa hiyo simtilii muuzaji shaka. Lakini nenda ukamweleze hayo mnunuzi wa mwaka 2035 aliyeshika boksi lenye tundu! Atakata bei, na atakuwa na haki.

Kwa kadi moja moja hesabu ni tofauti. PSA, kampuni ya Marekani ya kukagua hali ya kadi, huzipima kwa alama 1 hadi 10, ikitazama pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Mfuko ambao kadi imekuja nao hauhesabiwi katika alama hizo; kazi yake ni kulinda tu. (Na hapa karibu na ziwa linda pia dhidi ya unyevu: karatasi hunyonya, ile foili hainyonyi, kadi za kung'aa zinapinda.)

Nilipiga picha palepale kwenye ofisi ya vifurushi kabla sijatoka, nikamtumia. Hakubishana. Siku hiyohiyo akarudisha sehemu ya pesa, zikaenda zote kwa binamu, ambaye hata hivyo bado amenuna. Boksi tukalifungua.

Kadi moja moja nitaendelea kununua kwake bila wasiwasi. Boksi, silipi mpaka anitumie picha za nailoni pande zote sita na akubali kulitia kwenye katoni yenye magazeti ya kutosha, hata kama nauli ya kifurushi itapanda.