TAHADHARI WANA L'SHI (LUBUMBASHI): yule "mtaalamu wa maji ya gari" kanila dola 240

Ndugu na dada, naandika nikiwa nimekaa mlangoni, tapi (zulia la ndani) ya gari yangu, Toyota Harrier, imeanikwa juu ya ukuta wa parseli, yaani uwanja wa nyumba, kama ngozi ya ng'ombe, na majirani wanapita wakiuliza kama siku hizi nafua magari. Wacha wacheke. Wiki mbili nimeona aibu peke yangu, leo imenishinda.

Harrier mnaijua, na jinsi ilivyonifikia mnajua, sirudii. Ni ya mwaka 2000, ina kile kioo cha juu kinachofunguka. Tangu mvua za Februari ilikuwa inaingiza maji miguuni pa abiria wa mbele. Ukifunga breki unayasikia yakitembea mahali fulani juu ya kichwa, chwaa, kama mtu amebeba debe. Kiangazi kilipofika ikakauka, ikabaki harufu ya soksi. Nikasema safari hii nitengeneze mapema, kabla mvua hazijarudi. Huo ndio werevu ulioniponza.

Kabla hamjaniita mjinga, sikilizeni nilimpataje. Namba yake nilipewa na mama mmoja tunayeimba naye kwaya. Alitengenezewa gari yake mwezi wa Juni, akaniapia kwamba hadi leo haijaingiza tone. Hiyo "hadi leo" ilikuwa mwanzo wa Agosti! Jamani, hapa Lubumbashi kati ya Juni na Agosti nani aliwahi kuona tone? Mama yule hakujiuliza, na mimi sikujiuliza. Mtu wa kwaya akikupa namba huombi ushahidi.

Akaja tarehe 5 Agosti, ovaroli safi, viatu kavifuta kabla ya kuingia parseli. Akaniita mama, akawasalimia watoto mmoja mmoja. Akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akaomba. Alipomaliza akasema: "Mama, mayi ya motokari inadanganyaka. Fasi unayiona, haiko fasi iliingilia." Na hilo ni kweli! Hata fundi wa kweli alikuja kuniambia neno hilo hilo baadaye. Maji huingilia juu, hushuka ndani ya nguzo, hutembea chini ya tapi, na wewe unayaona mbali na tundu. Ndiyo maana nilimwamini. Uongo wake aliufungia ndani ya ukweli.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo usiku hainiachi nilale. Akatoa mfukoni kimashine cha njano, ukubwa wa rimoti, chenye taa tatu. "Hiki kinanusa unyevu." Akakipitisha kwenye nguzo ya kioo cha mbele: piii! Taa nyekundu. Akakipitisha juu ya mto wa kiti: kimya. Akanitazama. Akakirudisha kwenye nguzo: piii! Halafu akanipa mimi nishike. Mkono wangu mwenyewe! Nikakipitisha mlangoni, piii. Ukingoni mwa dari, piii. Nilihisi moyo unaanguka. Akasema kwa sauti ya chini, kama daktari anayesoma picha ya kifua: "Mama, mianya ni minne."

Bei: kupima dola 60, joini (mpira wa kuzuia maji) mpya ya kioo cha juu 150, kazi 30. Joini akanionyesha, bwati (kisanduku) yenye maandishi ya Kiarabu, imefungwa na nailoni yake. "Ya Dubai." Nikasema sawa, nikaingia ndani kumchemshia chai. Ndiyo, nilimchemshia chai. Na mkate nikapaka siagi. Niliporudi bwati ilikuwa wazi na tupu, kioo kimeshafungwa, yeye anafuta vidole. Joini ikivaa mahali pake sikuiona.

Kisha akaomba mpira wa kumwagilia. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwepo, hata hilo nililihesabu kama baraka. Akamwaga juu ya paa dakika kumi, kwa saa ya simu yangu, kijana wangu ndani ameshika taa. Hakuna tone. "Ingeingia hata tone moja, mama, nisingechukua hata franki." Nikamtumia pesa kwa M-Pesa pale pale. Akanipa karatasi ya garanti (dhamana) yenye kasheti, yaani muhuri, nyekundu: siku 60. Hesabuni wenyewe. Kuanzia 5 Agosti, zinaisha tarehe 4 Oktoba. Aliniuzia garanti ya kiangazi!

Mvua ndogo za Oktoba zikapita, nikajisifu hadi kwa yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, mnamjua asivyosahau. Halafu Novemba. Natoka mpakani Kasumbalesa na vitenge nyuma, mvua ikafunguka kabla sijafika mjini. Nikafunga breki nyuma ya kamio (lori), na maji yakatoka kwenye taa ya dari, yakanimwagikia kuanzia kilemba hadi mapajani. Hayakudondoka, yalimwagika. Vitenge kumi na moja vimechujiana rangi. Na taa ya mifuko ya hewa ikawaka kwenye dashibodi, haijazima hadi leo.

Nikampigia. "Mama, garanti iliisha, lakini kwa heshima yako nitafanya kwa 90." Nikasema maneno ambayo mtu wa kwaya hasemi. Akanizuia. Nikapiga kwa simu ya kijana wangu, akaitika kwa upole ule ule: "Karibu, papa, gari inaingiza maji?"

Kimashine sasa. Shemeji, yule fundi umeme, nilipomsimulia alicheka hadi akakaa chini. Akaenda kwenye sanduku lake la kazi, akarudi na kimashine kama kile, chake ni cha bluu. Akakisogeza kwenye mkanda wangu: piii. Kwenye sufuria ya fufu: piii. Kwenye kiti cha mbao: kimya. Ni kifaa cha kutafutia nondo na nyaya ndani ya ukuta kabla hujatoboa! Kinalilia chuma. Na gari ni nini kama si chuma? Mke wake alikuwepo. Watoto walikuwepo. Wote wamekipiga picha.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa wa Kamalondo, hana ovaroli safi wala kasheti. Alianza kwa kuuliza: yanaingia mvua ikinyesha tu, au hata ukiwasha klima, ile ya kupoza hewa? Ukiwasha klima, basi ni kamrija kake ka kutolea maji kameziba, kazi ndogo. Yanateleza na kunukia utamu, vioo vinafunga ukungu? Hayo ni ya radieta ndogo ya ndani, ya kupashia joto. Yule mwizi hakuniuliza hata moja. Mzee akamwagilia taratibu, bila nguvu, akianzia chini: milango, kisha kioo cha mbele, paa mwisho, kila mahali kama dakika tano, mtu ndani na taa. Ukianzia juu, anasema, maji yanashuka kila mahali na hujui yameingilia wapi.

Alipofika juu akafungua kioo, akavuta kwa kucha utepe mrefu wa silikoni nyeupe, ile inayonuka siki ikipakwa. Joini ya Dubai? Mpira ni ule ule wa mwaka 2000, umepakwa silikoni kuzunguka. Kwa hiyo siku ya jaribio lazima isiingie! Mzee akanieleza kwamba kioo kile hakikuumbwa kuzuia maji yote. Yanayopita kwenye mpira huangukia kwenye mfereji, na kila kona ina tundu na mrija wa kuyashusha chini ya gari. Wangu mmoja wa mbele ulikuwa umeziba kwa uchafu wa mwembe ninaoegesha chini yake. Tatizo lote lilikuwa hilo! Yule bwana akaziba kwa silikoni na matundu mengine yaliyokuwa mazima, na jua la Oktoba likabandua silikoni ya juu. Maji yakapata pa kuingilia, pa kutokea hayana. Na silikoni ya kunuka siki inakula chuma, chini yake tayari kuna kutu.

Mzee alichukua waya wa breki ya baiskeli, akausukuma polepole. Nikataka kuita wa kompreseri, akakataa: upepo ukichomoa mrija ndani ya nguzo, dari nzima itashuka. Kikatoka kijidudu cha silikoni, kisha uji mweusi wa majani. Akamimina kikombe cha maji kwenye kona, na gari ikakojoa chini nyuma ya gurudumu la mbele. Nilipiga makofi kama mtoto. Dola 20. Sponji iliyo chini ya tapi tumeikamua, ndoo moja na nusu, na soketi za nyaya chini ya viti zimeota ukijani.

Najua mtaniuliza dalili za kumtambua tapeli kama huyu. Sijui, zilikuwepo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Tapi hakuinua hata kidogo. Garaji hana, anakuja kwako tu, na anapenda kuja kiangazi. Nyingine nimezisahau kwa hasira, kwa sababu mimi sitaki dalili, nataka mtu huyu alale gerezani Kasapa! Nataka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) imwite, akae kwenye tapi yangu mbichi kuanzia asubuhi hadi jioni, anywe ile ndoo na nusu kwa kijiko. Mtu anaomba Mungu juu ya boneti kisha anaziba matundu mazima! Nimeshaandaa barua, yaya anaisahihisha Kifaransa, huku akicheka.

Jina lake siandiki. Mimi alinipa moja, mama wa kwaya ana jingine, haliwezi kuwasaidia. Akija kwako na kimashine cha njano, mwambie akiweke kwanza kwenye zipu ya ovaroli yake. Kikilia, mfungie geti unipigie, namba yangu mnayo. Nitakuja na karatasi yenye kasheti. Nitakuja kwa teksi, Harrier haina tapi wala viti.