Seti ya michemraba ya kuelea na kuzama: vipande vizuri, somo nusu

Michemraba sita ya ukubwa mmoja, kila upande sentimita 2.5: shaba, chuma, alumini, nailoni, polipropilini na mbao ya msonobari. Vipande vyenyewe ni vya kuaminika. Tatizo ni kwamba ukitumia seti peke yake, mtoto atatoka akiamini kuwa vizito huzama na vyepesi huelea. Wala si kosa lake: ujazo wote ni sawa, kwa hiyo uzito peke yake unampa jibu sahihi kila mara. Ongeza gogo la kilo moja na skrubu ndogo. Gogo litaelea, skrubu itazama, na hapo ndipo swali lenyewe linapoanza.

Thamani ya seti hii iko kwenye plastiki zake mbili. Maji yenye ujazo wa mchemraba mmoja yana gramu 15.6. Polipropilini ina gramu 14 hivi, nayo huelea ikiwa imezama karibu yote, milimita mbili na ushee tu zikibaki juu. Nailoni ina gramu 18 hivi na hushuka taratibu hadi chini. Mtoto apime kwanza kwenye mizani, abashiri, ndipo atumbukize. Kisha koroga gramu 300 za chumvi katika lita 1 ya maji hadi iyeyuke: nailoni ileile itapanda juu. Vijiko viwili vitatu havitoshi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Seti haigusi kabisa suala la umbo, na hilo ni pengo kubwa. Chukua gramu 50 za udongo wa plastisini. Ukiwa tonge, huzama. Utandaze uwe na unene wa milimita 3, kisha ukunje kuta za sentimita 2.5 kuzunguka kitako cha 6 kwa 6, nao utaelea kwa sababu sasa unasukuma kando maji mengi zaidi. Ukizama, kagua pembe. Nyufa hupenda kutokea hapo.

Chuma kifutwe mara moja, hasa baada ya maji ya chumvi, la sivyo kitashika kutu. Mbao ikiachwa majini hunywa maji na kuongezeka uzito, kwa hiyo ianikwe ikauke kabisa kabla ya kupimwa tena. Kwa mwalimu mwenye mizani ya gramu, seti inafaa kununuliwa. Bila mizani, anza kununua mizani.