Lenzi za zamani kwenye kamera ya kisasa: washa tochi kabla hujatoa hela

Nimepigwa. Shilingi 120,000 Kariakoo, lenzi ya chuma ya 50mm, nje haina hata mkwaruzo. Kwenye harusi ya kwanza, kila picha iliyoelekea taa ilitoka na ukungu, bibi harusi kama kasimama kwenye moshi wa kuni. Nilipoimulika nyumbani nikaona utando wa nyuzinyuzi unatambaa kutoka ukingoni. Fangasi.

Kwa hiyo leo sizungumzii ukali wa picha. Kwa joto na unyevu wa Dar, lenzi iliyolala miaka kwenye mfuko wa ngozi kabatini haiponi kirahisi. Fangasi akikaa sana anakula hadi koti la kioo, ule utando mwembamba uliopakwa juu yake. Ukisafisha, alama inabaki. Fungua tundu la mwanga la lenzi lote, mulika tochi ya simu kwa nyuma, chungulia kwa mbele huku ukiinamisha. Ukiambiwa "hilo vumbi tu, dada", mwambie vumbi halina matawi.

Sasa lenzi ninazozipendekeza. Namba moja, na sifichi mapenzi yangu: Super-Takumar 55mm f/1.8 ya Pentax, ya M42, yaani inafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Kwenye Canon 2000D unahitaji kipete chembamba tu cha kuunganisha (adapta), kisicho na kioo, na fokasi ya mbali inafika. Kwa sensa ndogo ya Canon inakuwa kama 88mm, tamu kwa sura za watu. Fokasi kwa skrini ya nyuma, kuza mara 10. Kile kidirisha cha juu cha kuchungulia kitakudanganya.

Namba mbili, Nikkor 50mm AI kwa mwenye Nikon D3500. Inaingia bila kipete, ila kipima mwanga kinazima. Utapiga kwa M, yaani kupanga mwanga mwenyewe, na kukisia.

Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti, ni ya bei nafuu. Haya.

Canon FD, lenzi za zamani za Canon, usiziguse kama bodi yako ni EOS, kama hiyo 2000D. Jina moja, lakini Canon walibadili mdomo wa kufungia lenzi mwaka 1987, na bila adapta yenye kioo vitu vya mbali havikai kwenye fokasi. Wauzaji wanalijua hili, wanakaa kimya. Tangu mtindo wa picha za kizamani urudi, kila chuma chenye namba kinaitwa "orijino" na bei inapanda.

Nilirudi dukani. Kijana akanionyesha risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nyuma yake rafuni kulikuwa na nyingine kama yangu, 150,000, kifuniko kimezungushiwa selotepu.